Mwema kwa Asili, Mwovu kwa Asili: Uhakiki wa Mwelekeo wa Maadili katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki jambo moja dogo ndani ya mchezo mmoja, nalo ni lile fungu la kanuni za Dungeons & Dragons linalomtaka kila mchezaji aandike katika karatasi ya mhusika wake kama mhusika huyo ni mwema au mwovu. Huenda msomaji akauliza mchezo una nini hata ushughulikiwe katika kurasa hizi. Jibu letu ni kwamba kanuni hizo, kwa muda wa miaka hamsini, zimewafanya watu wengi ambao hawajapata kufungua kitabu cha maadili wabishane usiku kucha juu ya maswali ambayo sisi huyasoma darasani. Je, uovu ni tendo au ni asili? Je, mtu mwema aweza kumwua mateka? Je, yeye aliyezaliwa upande wa adui aweza kutubu na kuaminiwa? Vitabu vya mchezo vimetoa majibu, na mojawapo ya majibu hayo, kama tutakavyoonyesha, ni la hatari.

Kwa faida ya wasioujua mchezo wenyewe, tueleze kwa ufupi. Watu wachache huketi mezani. Mmoja wao ndiye mwendesha mchezo: yeye husimulia mahali walipo, husema kwa kinywa cha kila mtu watakayekutana naye, na kuamua yatokanayo na matendo yao. Wengine, kila mmoja, humwigiza mhusika mmoja wa kubuniwa: mpiganaji, mchawi, mwizi, kuhani. Penye shaka hutupwa dadu, iliyo mashuhuri zaidi ikiwa ile yenye nyuso 20. Hakuna mshindi wala mshinde kama katika bao. Kilichopo ni hadithi inayotungwa papo hapo na wote waliopo. Karatasi ya kila mhusika huonyesha nguvu zake, akili zake, silaha zake na, katika mstari mmoja tu, mwelekeo wake wa maadili. Mstari huo ndio tunaouhakiki.

Chanzo cha kanuni

Mchezo huu ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974, nao ulitungwa na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Vitabu vyake vya kwanza viligawanya viumbe vyote katika pande tatu: Sheria, Machafuko, na wale wasioegemea upande wowote. Yafaa tuangalie kwamba majina ya pande hizo hayakutaja wema wala uovu. Wazo lenyewe lilitoka katika riwaya. Poul Anderson, katika kitabu chake Three Hearts and Three Lions cha mwaka 1961, alimsimulia Mdenmark wa karne ya 20 anayejikuta katika ulimwengu ambamo Sheria na Machafuko vinapigana. Michael Moorcock naye, katika hadithi za Elric alizoanza kuzichapisha mwaka huohuo wa 1961, aliziweka nguvu hizo mbili kama mabwana wawili, na ushindi kamili wa yeyote kati yao ungekuwa hasara kwa dunia.

Waandishi hao wawili hawapatani. Kwa Anderson, mtu mwema anajua asimame wapi. Kwa Moorcock, mwenye hekima hutafuta mizani. Mchezo uliwapokea wote wawili bila kuwapatanisha, na kwa hiyo tangu mwanzo neno moja lilibeba maana mbili.

Mwezi Februari mwaka 1976 Gygax aliandika makala katika jarida la The Strategic Review, akaongeza mstari wa pili ukatao ule wa kwanza: mmoja kutoka sheria hadi machafuko, mwingine kutoka wema hadi uovu. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 mpango huo ulikamilika kuwa mielekeo tisa. Mhusika aweza kuwa mwema mshika sheria, kama hakimu mwadilifu. Mwema asiyependa sheria, kama mwasi anayewatetea maskini. Mwovu mshika sheria, kama mtawala katili ambaye hata hivyo hulitimiza neno lake. Mwovu wa machafuko, kama mnyang'anyi asiyejizuia. Na kadhalika mpaka tisa zitimie. Kila mwelekeo ulipewa hata lugha yake ya siri, kana kwamba waovu wote duniani wangeweza kusalimiana njiani na kuelewana.

Tusiudharau mpango huu upesi. Kule kutenganisha sheria na wema ni jambo la maana. Mchezaji wa miaka kumi na minne anayeambiwa kwamba mtu aweza kuitii sheria na bado akawa mwovu, na kwamba mwingine aweza kuivunja sheria kwa ajili ya wema, amefundishwa jambo ambalo watu wazima wengi hawajalikubali. Uhakiki wetu unaanzia mahali pengine, yaani pale tunapouliza maandishi hayo ya mstari mmoja yanamwambia nini mchezaji.

Njia tatu za kuusoma mstari mmoja

Tukivisoma vitabu hivyo kwa makini tunaona kwamba mwelekeo wa maadili umesomwa kwa njia tatu, na kwamba mabishano mengi ya mezani hutokea kwa sababu wachezaji wawili wanatumia neno lilelile katika njia mbili tofauti.

Njia ya kwanza huuona mwelekeo kama kambi. Vita ipo, nawe ni wa upande fulani. Hivi ndivyo ilivyokuwa mwaka 1974. Kuwa wa upande wa Sheria hakukusema mengi juu ya moyo wako. Kulisema utapigana chini ya bendera gani.

Njia ya pili huuona kama tabia. Hapa maneno mawili yaliyoandikwa katika karatasi ni muhtasari wa namna mtu anavyoenenda kwa kawaida, kama vile tunavyosema fulani ni mpole au fulani ni mkaidi. Muhtasari huo ni wa kweli kwa kadiri fulani, wala haumzuii mpole kukasirika.

Njia ya tatu huuona kama hukumu. Kitabu cha mwendesha mchezo cha mwaka 1979 kilimwagiza aliyeketi penye kiti hicho ayapime matendo ya kila mhusika, na mhusika aliyeuhama mwelekeo wake alipoteza daraja zima la maendeleo yake. Zaidi ya hayo, uganga wa ndani ya mchezo ulikuwa na uwezo wa kuutambua uovu. Kuhani aliweza kusema dua fulani na kuuona uovu kama mtu aonavyo rangi ya nguo.

Njia hii ya tatu ndiyo yenye matatizo makubwa. Kambi yaweza kuhamwa, tabia yaweza kurekebishwa. Lakini uovu unaoonekana kwa kioo cha uganga umekuwa kitu, mali ya asili ya mwenye nao. Mwanafunzi yeyote aliyejifunza kwa Luther kwamba mwanadamu ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati uleule atatambua mara moja kwamba mtu wa namna hiyo hana mahali pa kujiandika katika jedwali la vyumba tisa.

Paladini na mateka

Tuupime mpango huu kwa mfano ambao wachezaji wenyewe wameubishania kuliko mwingine wowote. Mwaka 1975 mchezo uliongezewa mhusika aitwaye paladini, yaani askari mtakatifu, ambaye lazima awe mshika sheria na, kwa kanuni za mwaka 1978, mwema pia. Akitenda uovu kwa kujua na kwa kupenda, hupoteza neema zake zote, naye hubaki mpiganaji wa kawaida. Upande wa pili kuna maorki, viumbe ambavyo Gygax alivitoa kwa Tolkien na kuviandika kuwa ni viovu. Basi paladini na wenzake wanaivamia ngome ya maorki, wanaume wote wanauawa vitani, na katika pango la ndani wanawakuta watoto. Afanye nini?

Mchezaji anayeusoma mwelekeo kama kambi atasema: vita imekwisha, hawa si askari. Anayeusoma kama tabia atasema: watoto hawajatenda neno. Lakini anayeusoma kama hukumu iliyokwisha kutolewa ataangalia kitabu, ataona imeandikwa kwamba orki ni mwovu, na atachomoa upanga akiwa na dhamiri safi. Kitabu kimemwambia kwamba tendo lile ni jema.

Je, tunamsingizia mtunzi? La. Mwaka 2005, alipokuwa akijibu maswali ya wachezaji, Gygax alisema kwamba paladini aweza kuwaua mateka waovu waliojisalimisha na hata waliokwisha kuukana uovu wao na kuugeukia wema, ili waiendee thawabu yao kabla hawajarudi nyuma. Juu ya hayo aliutumia msemo wa kale usemao kwamba mayai ya chawa huwa chawa. Alijua kwamba msemo huo hunasibishwa na Kanali John Chivington, lakini aliutetea kuwa ni jambo linaloonekana kwa macho.

Ni lazima tuseme Chivington alikuwa nani. Tarehe 29 Novemba 1864, askari waliokuwa chini ya amri yake waliishambulia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho penye kijito cha Sand Creek, Colorado. Watu wale waliamini kwamba wako katika amani, na bendera ya Marekani ilikuwa ikipepea kambini mwao. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, watoto na wazee. Chivington mwenyewe kabla ya kuwa kanali alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Hatutaji jambo hili ili kumshitaki mtunzi wa mchezo kuwa mwuaji, maana hakumgusa mtu. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba hoja iliyotumika mezani kwa viumbe visivyokuwapo ilikwisha kutumika uwandani kwa watu waliokuwapo, tena neno kwa neno. Na sisi tunaoishi jirani na Rwanda hatuhitaji kufundishwa ni wapi lugha ya kumwita jirani mdudu iliwafikisha watu mwaka 1994.

Hapa inafaa tumlinganishe mtunzi wa mchezo na yule aliyemwazima maorki. Tolkien, aliyekuwa Mkatoliki, alisumbuliwa na swali hilihili. Katika rasimu ya barua ya mwaka 1954, iliyochapishwa baada ya kifo chake, alikiri kwamba alikaribia kuandika kuwa maorki hawakomboleki, lakini akajizuia kwa kuona kwamba kusema hivyo kungekuwa kupita mpaka. Hakupata jibu lililomridhisha. Lakini kusita kwake ni kusita kwa mtu anayejua kwamba hata katika hadithi ya kubuni kuna sentensi ambayo haifai kuandikwa. Mchezo ulikichukua kiumbe chake na kukiacha kusita kwake.

Tena kuna jambo ambalo lingetosha kumfanya mchezaji kujiuliza. Mwaka 1974 maorki waliorodheshwa kwa wasioegemea upande na pia kwa Machafuko. Mwaka 1977, katika kitabu cha majitu na wanyama wa kutisha, walikuwa waovu washika sheria. Katika toleo la mwaka 2000 wakawa, kwa kawaida, waovu wa machafuko. Hakuna orki aliyetenda lolote katikati ya miaka hiyo. Asili yao iliyodaiwa kuwa ya kudumu ilibadilishwa na mhariri.

Druidi na mizani yake

Mfano wa pili unatoka upande wa kati wa jedwali. Druidi, kuhani wa misitu, alitakiwa asiegemee popote kabisa, na kitabu cha mwaka 1989 kilieleza maana yake kwa mfano. Druidi anajiunga na watawala wa nchi kulipiga kabila la viumbe waovu wenye sura ya fisi. Waovu wale wanapokaribia kuangamia, yeye anajitoa, au hata anahamia upande wao, ili nguvu za wema na za uovu zisipoteze ulinganifu.

Huu ni urithi wa Moorcock, lakini umeharibika njiani. Kwa Moorcock mizani ilikuwa kati ya sheria na machafuko, na hilo laeleweka: nchi yenye amri tupu ni gereza, na nchi isiyo na amri ni porini. Lakini mtu akiihamisha mizani ileile na kuiweka kati ya wema na uovu, anafika mahali pa ajabu, ambapo uovu una haki ya kuwapo na mtu mwenye hekima ana wajibu wa kuulinda. Augustino alipokuwa kijana aliwafuata Wamani, waliofundisha kwamba nuru na giza ni asili mbili za milele. Baadaye aliwaacha, akafundisha kwamba uovu hauna asili yake wenyewe bali ni upungufu wa wema, kama vile kidonda kilivyo upungufu wa afya. Lakini hata Wamani hawakumfundisha muumini wao alisaidie giza pale nuru inapokaribia kushinda. Nani atapima mizani kati ya afya na kidonda?

Ni haki kuongeza kwamba wachezaji wengi walimkataa druidi huyu bila msaada wa Augustino. Walimwona mezani kuwa ni mtu asiyeaminika, nao wakamsoma upya kama mtu anayejali msitu wake kuliko vita vya wafalme. Usomaji huo ni bora kuliko kitabu.

Mwizi na udhuru wake

Mfano wa tatu ni mfupi, nao unajulikana kwa kila aliyewahi kuketi penye meza hiyo. Mchezaji amwigizaye mwizi anawaibia wenzake wakiwa usingizini. Wanapomlalamikia, anajibu kwamba hana la kufanya, kwani mhusika wake ndivyo alivyo, karatasi imesema.

Tuangalie kilichotendeka. Muhtasari wa tabia umegeuzwa kuwa sababu ya tendo. Mtu aliyeyaandika yale maneno mawili kwa kalamu yake mwenyewe sasa anajificha nyuma yake kana kwamba yaliandikwa na mwingine. Udhuru huu si mgeni nje ya mchezo. Tunausikia kwa mume mkali asemaye kwamba ukali ni damu ya ukoo wao. Paladini na mwizi wanaonekana kuwa mbali sana, lakini kosa lao ni moja. Wa kwanza anasema: yeye ni mwovu kwa asili, kwa hiyo nina ruhusa. Wa pili anasema: mimi ndivyo nilivyo kwa asili, kwa hiyo sina lawama. Wote wawili wamelitoa tendo mikononi mwa mtendaji.

Waliotafuta pepo

Hatuwezi kuupita mwaka 1983 bila kuutaja, maana unawahusu Wakristo. Patricia Pulling, mama aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua mwaka 1982, aliamini kwamba mchezo huu ndio uliosababisha kifo hicho, naye akaanzisha chama cha kuupinga. Wahubiri wengi wa Marekani walijiunga na kilio hicho. Walivifungua vitabu, wakaona majina ya mashetani na michoro yao, wakasema mchezo unafundisha uchawi. Kwa uchungu wa mama yule tunanyamaza kwa heshima. Madai yenyewe hayakuthibitika.

Ila matokeo yake yanatufunza. Toleo la mwaka 1989 liliwaondoa mashetani vitabuni, na walipodi kurudi mwaka 1991 walirudi kwa majina mengine yaliyobuniwa. Maorki waovu kwa kuzaliwa walibaki mahali pao. Yaani wakosoaji waliokuja kwa jina la imani waliliona neno baya lililochapishwa, wakalifuta, wasiione kanuni iliyosema kwamba kuna jamii nzima za viumbe wasemao, wenye watoto na nyimbo, ambao toba kwao ni jambo lisilotazamiwa. Kama kulikuwa na mafundisho potofu katika vitabu vile, yalikuwa hapo. Na huenda hawakuyaona kwa sababu yalifanana mno na mambo ambayo wengi walikuwa wakiyasema juu ya watu wengine.

Masahihisho ya miaka ya karibuni

Watunzi waliofuata wamerekebisha mengi. Mwaka 2008 mielekeo ilipunguzwa kuwa mitano. Mwaka 2014 ile tisa ilirudi, lakini adhabu karibu zote zikaondolewa, na paladini akawa anapimwa kwa kiapo alichokitamka mwenyewe. Mwezi Juni mwaka 2020 kampuni inayouchapisha mchezo, Wizards of the Coast, ilitangaza kwamba maorki na jamii nyingine za namna hiyo wataelezwa kuwa na maadili na utamaduni wa namna mbalimbali kama watu wengine. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 orki amekuwa mmoja wa watu ambao mchezaji aweza kuwaigiza tangu mwanzo.

Wapo wanaolalamika kwamba mchezo umelainishwa, na kwamba hadithi ya vita inahitaji adui. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake, nasi hatulitupi. Lakini adui na mwovu kwa asili si kitu kimoja. Adui ana sababu yake, hata kama ni mbaya; aweza kuogopa, kusalimu amri, kuvunja ahadi, kumwokoa mtu asiyetazamiwa. Mwendesha mchezo aliye hodari hupata hadithi nyingi kwa adui wa namna hiyo. Kwa yule mwovu kwa asili hupata hesabu ya maiti tu.

Hitimisho

Tumeona kwamba mstari mmoja katika karatasi umesomwa kama kambi, kama tabia na kama hukumu. Sisi tunapendekeza njia ya nne, ambayo tayari imo katika kiapo cha paladini wa mwaka 2014: usomwe kama ahadi. Mchezaji anayeandika kwamba mhusika wake ni mwema mshika sheria hasemi mtu huyo amekwisha kuwa nini. Anasema mtu huyo ameazimia kuwa nini, na kwamba yuko tayari kupimwa kwa neno hilo. Usomaji huu una faida tatu. Kwanza, unaruhusu kuanguka, na kwa hiyo unaruhusu kurudi, ambako ndiko kunakoipa hadithi uzito. Pili, unamwondolea mwizi udhuru wake, maana ahadi haimtendi mtu. Mtu ndiye aitendaye ahadi. Tatu, hauwezi kuandikwa kwa niaba ya mwingine, sembuse kwa niaba ya kabila zima, kwa kuwa hakuna awezaye kuahidi kwa kinywa cha mtoto asiyemjua.

Turudi basi kwenye lile pango, paladini akiwa amesimama mlangoni na upanga mkononi, na mwendesha mchezo akingoja jibu. Hatumpi mchezaji kanuni ya kutosha kila hali. Watoto wale watahitaji chakula, walinzi, na pengine miaka mingi ya kutoaminiana. Tunamwomba jambo moja tu, kwamba asifungue kitabu kutafuta wao ni nani. Awaulize majina yao.